Kutoka Masara Hadi Thimlich Ohinga: Mawe Yaliyo Amana



Wasomaji watukufu, kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi wa Pwani huulizana watoto wapelekwe wapi. Mara nyingi jibu huwa ni kwa jamaa Nairobi, au Malindi, au Lamu kwa wenye nafasi. Makala haya yanapendekeza safari ndefu zaidi, ya kwenda pembe ya kusini-magharibi ya Kenya, katika kaunti za Migori na Homa Bay, jirani na mpaka wa Tanzania na maji ya Ziwa Victoria. Huko kuna mawe yaliyopangwa, yaliyochimbwa na yaliyopakwa rangi na watu ambao hakuna hata mmoja wao tunayemjua kwa jina. Tena huko kuna funzo juu ya kuhifadhi turathi, na funzo hilo sisi watu wa magofu na misikiti ya kale tunalihitaji sana.

Njia ipitayo Masara

Kutoka Mombasa hadi mji wa Migori ni zaidi ya kilomita 800. Aliye na watoto wadogo ni vyema aigawe safari: siku ya kwanza treni hadi Nairobi, siku ya pili basi linalopita Narok na Kisii. Migori ni mji wa biashara, na asidhani mtu kwamba anakwenda mahali pasipo na ndugu zake katika dini. Misikiti ipo, na adhana husikika. Msafiri naye amepewa rukhsa yake ya kupunguza sala na kuzikusanya, kwa hiyo njia haimpi udhuru wa kuacha.

Ukitoka Migori kwa barabara ielekeayo magharibi, upande wa ziwa, unapita Masara. Ni kituo cha soko kama vituo vingi vya bara: maduka, pikipiki za abiria, akina mama na mafungu ya mboga. Lakini Masara na vitongoji vyake wanaishi kwa jiwe. Hapa ni nchi ya dhahabu. Huko mbele, Macalder, palikuwa na mgodi mkubwa tangu zama za Mwingereza, na baada ya mgodi huo kufungwa wachimbaji wadogo wameendelea kuitafuta riziki ardhini kwa sururu na kamba. Wanaume huteremka mashimoni. Jiwe likitolewa, wanawake wengi ni miongoni mwa wanaolibeba, wanaolivunja na wanaoliosha. Jiwe husagwa likawa unga, unga ukaoshwa, kisha ikatiwa zebaki ili iikamate dhahabu. Zebaki hiyo inapochomwa, mvuke wake humwingia mchomaji na jirani yake, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Hatuyasemi haya kwa kuwalaumu watu wanaotafuta ada ya shule na unga wa jioni. Tunayasema kwa kuwa Masara linaulizwa kila siku swali ambalo ndilo roho ya makala haya: jiwe lina thamani gani? Kuna jiwe ambalo thamani yake haipatikani mpaka livunjwe. Na kuna jiwe, katika wilaya hizo hizo, ambalo siku litakapovunjwa thamani yake yote itakuwa imekwisha.

Ngome isiyo na chokaa

Jiwe hilo la pili liko Thimlich Ohinga, katika eneo la Nyatike, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Kwa Kijaluo thim ni pori na lich ni chenye kutisha. Ohinga ni boma au ngome ya mawe. Jina zima basi ni kama kusema ngome ya mawe katika pori la kutisha. Pori lenyewe leo limepungua ukali, lakini bado miti mirefu ya jamii ya mnyaa imesimama humo kama walinzi waliosahauliwa zamu.

Kuta zake zina urefu wa kwenda juu kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kiasi cha mita moja. Sisi tuliozoea kuta za matumbawe na chokaa tutastaajabu, kwani hapa hapana chokaa, hapana udongo wa kugandisha, wala hapana jiwe lililochongwa kwa patasi likawa mraba. Fundi alichukua mawe kama alivyoyakuta. Akapanga safu ya nje na safu ya ndani, na katikati akashindilia mawe madogo yanayozishika safu zote mbili. Ukuta unasimama kwa sababu kila jiwe limemwegemea mwenzake. Milango ni ya chini na myembamba, imezibwa juu kwa mawe marefu ya vizingiti, hata mgeni akitaka kuingia sharti ainame. Adui aliyeinama hana nguvu ya kupigana.

Ndani ya eneo hilo zimo ngome kubwa nne, nazo zinaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndiyo kubwa kuliko zote. Humo zilikuwamo nyumba, mazizi ya mifugo na mahali pa kufulia chuma. Wataalamu wanakisia kwamba ujenzi ulianza katika karne ya 16, yaani karne ile ile ambayo Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, mnamo 1593. Wala Thimlich si pweke: katika ukanda huo wa ziwa wamehesabu maboma ya namna hiyo 521, katika mahali 138. Thimlich ndiyo iliyohifadhika vizuri kuliko nyingine.

Jambo linalogusa moyo zaidi ni hili. Waliojenga kwanza wanadhaniwa kuwa watu wa makabila ya Kibantu. Wao walihama, na nyuma yao wakaja wengine, wakiwamo Wajaluo. Wageni hao hawakuzibomoa kuta za watu wasiowajua. Walikaa ndani yake, wakatengeneza yaliyoanguka, wakaongeza yaliyopungua, mmoja akamwachia mwenziwe hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ngome haikudumu karne nne kwa ugumu wa mawe yake. Ilidumu kwa sababu kila aliyeikuta aliihesabu kuwa ni dhamana yake.

Alama za mikono isiyo na majina

Mtoto akishaingia Kochieng, usimwache akimbie tu. Mwonyeshe alama.

Ipo ya kwanza ambayo mtoto wa Pwani ataitambua kabla hujafungua kinywa: safu za mashimo yaliyochimbwa katika mwamba. Ni bao. Wajaluo huliita ajua, na kanuni zake si zile za bao la Kiswahili linalochezwa barazani kwetu, lakini ni ndugu. Watu waliojifungia nyuma ya kuta kwa hofu ya maadui na wanyama walikuwa na jioni zao za utani, na mshindi alijivuna na mshinde alidai mchezo wa pili.

Alama nyingine ni mawe ya kusagia. Hayakuchongwa ili yatazamwe. Yamelika kwa mkono uliokwenda mbele na kurudi nyuma, asubuhi baada ya asubuhi, miaka baada ya miaka, mpaka jiwe likafanya bonde. Mkono ule kwa kawaida ulikuwa wa mwanamke. Hakuandika jina lake, hakujua kwamba anaacha kumbukumbu. Alikuwa akitafuta chakula cha wanawe. Tunaposoma historia ya ngome tunasoma habari za walinzi na mashujaa, na ni haki yao. Lakini katika Thimlich saini iliyokwenda ndani zaidi ya jiwe ni ya mama aliyesaga. Waonyesheni mabinti zenu saini hiyo.

Tena zimepatikana shanga za kioo. Kioo cha namna hiyo hakikuwa kikitengenezwa kando ya ziwa. Kilikuja kutoka mbali, mkono kwa mkono, soko kwa soko, na bahari yetu ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa wa shanga kuingia bara. Kwa hiyo mtu wa Pwani afikapo Thimlich asijione mgeni kabisa. Huenda bidhaa za bandari zetu zilitangulia kufika kabla yake.

Miduara ya Mfangano

Aliye na siku mbili zaidi avuke kuingia Homa Bay, afike Mbita, apande mashua kwenda kisiwa cha Mfangano, nchi ya Wasuba. Katika mapango ya Kwitone na Mawanga iko michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: miduara ndani ya miduara, mingine yenye miali kama jua linalochomoza. Wataalamu wanaihusisha na Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya wakulima na wafugaji kufika. Tutofautishe mambo mawili hapa: kuna mchoro uliopakwa juu ya mwamba, kama huu wa Mfangano, na kuna mchongo uliochimbwa ndani yake, kama bao la Thimlich. Wa kwanza hufa kwa kubabuka, wa pili hufa kwa kusuguliwa.

Michoro ya Mfangano imehifadhiwa na nini? Kwa muda mrefu haikuwa na uzio, wala askari, wala kibao. Ilihifadhiwa na heshima. Wenyeji walizihusisha sehemu hizo na mvua, wakazikataza kuchezewa, na mtoto alikua akijua kwamba pale hapaguswi. Baadaye wenyeji wakaanzisha makumbusho yao kisiwani, Abasuba Community Peace Museum, ili kizazi kisichoogopa tena miiko ya wazee kipate sababu nyingine ya kutunza. Nayo ni kazi ngumu, kwani Kisuba chenyewe kinapotea. Watoto wengi wa Wasuba leo huzungumza Kijaluo. Mchoro unaweza kubaki mwambani huku maneno ya kuueleza yamekwisha vinywani.

Je, Muislamu aende?

Swali hili litaulizwa, na ni vizuri liulizwe. Mahali palipohusishwa na matambiko ya mvua, mama wa Kiislamu awapeleke wanawe kufanya nini?

Awapeleke kwa mazingatio, si kwa ibada. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, na hilo mtoto alijue kabla ya kufunga mzigo. Lakini Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kutazama kunahitaji kitu cha kutazamwa. Tukiyafuta yote yaliyoachwa na waliopita, tutazingatia nini?

Bara Arabu kwenyewe kunatupa mfano. Al-Hijr, nchi tunayoihusisha na kaumu ya Thamud waliochonga majumba milimani, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ikawa ya kwanza kwa Saudi Arabia. Mwaka 2015 ikafuata michongo ya mwambani ya Jubbah na Shuwaymis katika jimbo la Hail, yenye sura za watu na wanyama za maelfu ya miaka kabla ya Uislamu. Karibu na Al-Ula, katika mwamba, mtu aitwaye Zuhayr alichonga maandishi ya mwaka 24 wa Hijra yanayotaja kufariki kwa Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake. Mwamba huo ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa tarehe ya Hijra. Lau mchonga mawe mmoja angeuhitaji kwa msingi wa nyumba, tusingekuwa nao.

Nayo adabu ya kuingia tumefundishwa. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipopita Al-Hijr aliwaonya masahaba wasiingie makazi ya walioangamizwa isipokuwa kwa kulia, kwa kuchelea yasije yakawafika yaliyowafika wale. Wajenzi wa Thimlich hatuna habari kwamba waliadhibiwa, na hukumu yao iko kwa Mola wao. Lakini kuingia kwa moyo uliolainika, bila kelele wala majivuno, ni adabu inayofaa kila palipoishi watu waliokufa.

Palipovunjwa

Tukirudi kwenye swali la Masara, dunia imewahi kulijibu vibaya. Katika Australia ya Magharibi kulikuwa na mapango ya Juukan Gorge, yenye alama za kuishi watu kwa muda wa miaka 46,000. Ardhi hiyo ni ya jadi ya wenyeji wa asili wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Mwezi Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto iliyalipua mapango hayo ili kupanua mgodi wa chuma. Ilikuwa na kibali cha sheria, na wenyeji walikuwa wamekwisha kueleza thamani ya mahali hapo. Baadaye kampuni iliomba radhi, na mkuu wake akaacha kazi. Lakini radhi hairudishi pango. Katika jimbo hilo hilo, michongo ya mwambani ya Murujuga, inayokadiriwa kufika milioni moja, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2025 baada ya wenyeji kuipigania miaka mingi kando ya viwanda.

Thimlich imepata ulinzi wake. Serikali iliitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo isimamiayo, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 imeharamisha kuharibu mahali kama hapo. Hata hivyo sheria haisimami mlangoni usiku kucha. Mzizi wa mti unasukuma jiwe bila kusoma sheria. Mbuzi anapanda ukuta. Kijana anataka picha akiwa juu yake. Katika ukuta usio na chokaa, jiwe moja likitoka, lililoliegemea hulegea, na mvua ikija sehemu nzima hushuka. Kinachobaki ni jirani anayekemea na mgeni anayejizuia.

Na kwetu je?

Funzo hili turudi nalo nyumbani. Katika kuta za Gede, chini ya msitu, mabaharia au watoto wa mabaharia walichora kwa ncha kali majahazi juu ya lipu, na michoro ya namna hiyo iko Kilwa na Songo Mnara pia. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Makaburi ya nguzo yametapakaa Pwani nzima. Gede nayo imeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, kama Lamu ilivyotangulia mwaka 2001 na Ngome ya Yesu mwaka 2011. Kwa heshima tuna nyingi, lakini magofu madogo yasiyo katika orodha yoyote ndiyo mengi zaidi, na hayo hayana mlinzi ila sisi. Jiwe la gofu si tofali la bure. Kiwanja chenye kaburi la kale si jaa la taka. Na jina la mtoto lililokwaruzwa kwa msumari karibu na jahazi la miaka mia tano si kumbukumbu, ni jeraha.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mkienda Thimlich, Mfangano au Gede, wafundisheni watoto haya machache. Ukuta wa mawe makavu hauegemewi wala haupandwi. Mchoro wa rangi haushikwi, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole huula. Haumwagiwi maji ili ung'ae kwenye picha. Mchongo hautiwi chaki. Moto haukokwi pangoni, kwa kuwa masizi hufunika yaliyochorwa. Kigae au ushanga ukionekana chini, unaachwa pale pale na mlezi wa mahali anaambiwa. Ukichukuliwa nyumbani unakuwa taka, ukibaki mahali pake unakuwa ushahidi. Chukueni kiongozi mwenyeji mumlipe haki yake, na mnunue matunda kwa mama wa pale, kwani kijiji kinachopata riziki kwa ngome kitakuwa cha kwanza kuilinda. Mkirudi, muulizeni babu au bibi wa mtaani kwenu: gofu lile nyuma ya mnazi lilikuwa la nani? Yaandikeni majibu kabla hayajazikwa na mwenye kujibu.

Amana si kitu tunachokimiliki. Ni kitu tulichokikuta, ambacho wenyewe wametangulia na wanaokistahiki hawajazaliwa. Wageni waliofika Thimlich wakaziba pengo la ukuta ambao hawakuujenga walilifahamu hilo bila ya kuandikiwa. Sisi tumeandikiwa, na tutaulizwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana zao, awasahilishie safari wenye kusafiri, na awarejeshe salama kwa watu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.